Mwethya Usiopikiwa

Kitonga aliita mwethya, watu waje wafanye kazi pamoja, na hakupika. Mwikali aliliona hilo kabla hajatua jembe. Hakuna mafiga, hakuna sufuria. Kulikuwa na bango la ofisi yake ya serikali na gari jeupe kivulini, basi. Na huyu Kitonga si mgeni, ni mzaliwa wa Kithyoko, hapo jirani, amekula muthokoi wa mwethya, mahindi ya kukobolewa, tangu hajaota meno. Anajua fika kwamba anayewaita watu ndiye huwalisha, tena huwa wa kwanza kushika jembe.

Leo alishika kipaza sauti.

"Bwawa hili ni lenu," aliwaambia wanawake wa Ndithini. "Mabadiliko ya tabianchi yametufikia. Sisi tutawaletea mafunzo. Mawe, saruji na kazi ni juu yenu. Na likibomoka tena, jukumu ni lenu."

Likibomoka tena! Ukuta ule waliujenga wenyewe, Mwikali akiwa mwenyekiti, na kiangazi baada ya kiangazi mchanga uliojaa nyuma yake uliwawekea maji. Kisha malori yakaja na vibali kutoka ofisi hiyohiyo ya Kitonga, yakazoa mchanga mpaka msingi ukabaki uchi. Mvua ya Aprili ikamaliza kazi. Sasa maji ni ya kufuatwa mto Tana, na mgongo wake umekataa safari hiyo.

"Mwanangu," aliuliza, "malori yanakoma lini?"

"Mama, hayo ni ya idara nyingine. Hapa tunaongea vile nyinyi mtajikinga."

"Na chakula kiko wapi?"

Wanawake wakacheka. Kitonga akatazama saa yake. "Huu ni mradi, mama."

"Mbona uliita mwethya?"

"Ni vile mmezoea kuita."

"Haya. Basi wa kwako umeisha, sasa naita wangu."

Wakabeba majembe wakaondoka. Kitonga alidhani wanaenda nyumbani, akabaki akipiga picha za ukuta uliobomoka. Kumbe walikwenda juu kidogo, pale njia ya malori inapoteremkia mtoni. Mwikali alileta muthokoi kutoka kwake, mwenzake Kamene akawasha moto, kisha Mwikali akapiga jembe la kwanza, mgongo ukiuma na yeye akiunyamazisha. Hawa ni watu waliokua wakichimba mitaro ya shamba. Chakula kilipokaribia kuiva, njia ilikuwa imekatwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu akisimama ndani ya mtaro unamwona kichwa tu.

Lori tupu lilifika, likasimama ng'ambo. Upande wa mtoni gari jeupe, likitaka kutoka, likapiga honi, kisha Kitonga akashuka, viatu vimejaa vumbi.

"Na hii nani ataifukia?"

Mwikali aliegemea jembe lake, akamtazama bila haraka.

"Si ulisema jukumu ni letu? Tumelichukua. Kaa ule, mwanangu, chakula kimeiva. Ukishiba, iambie hiyo idara nyingine ije ichukue lake."