Kikohozi cha Robo Saa

Haya, wewe unayesoma, nakutegea, na usikimbilie kujibu. Nyumbani kwangu nina mlinzi. Hana macho, hana tumbo, wala halali. Akinyamaza, mambo ni shwari. Akinyamaza, mlinzi amekufa. Nitajuaje hiki ni kimya kipi?

Umeshindwa? Miji yako kaa nayo, sitaki hata mmoja. Jibu utalikuta huko mbele. Mimi mwenyewe nilihangaika nalo majuma matatu.

Mume wangu anaitwa Bunhok. Mwaka wa farasi, ule wa tisini, alichukua fedha tulizoweka za kujengea ghorofa ya juu, akanunua hisa za kiwanda kimoja cha minyororo ya baiskeli. Kila hisa ilikuwa dola za kwetu tisini na saba. Juma lililofuata soko zima likaporomoka, na minyororo yetu ikaporomoka nalo. Kwetu mtu wa namna hiyo tunasema amefungwa, na siku bei ikirudi pale aliponunulia, tunasema amefunguliwa. Wenzake wengi walikubali hasara wakauza, wakaenda kufanya mambo mengine. Bunhok akakataa. Alisema aliingia kwa tisini na saba na atatoka kwa tisini na saba, na neno la kuuza atalitamka kwa mdomo wake. Unaweza kumwachia dalali wa hisa maagizo asubuhi akuuzie bei ikifika, lakini kwa Bunhok hiyo ni sawa na kumtuma mtu akakuolee mke. Basi nondo za ghorofa ya juu zimesimama juu ya paa hadi leo, na mimi nimeanikia nguo zangu hapo miaka thelathini na minne.

Kila siku ya soko, tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, alikaa safu ya mbele katika ukumbi wa dalali, mtaa wa pili kutoka kwetu hapa mjini Chiayi, chini ya ubao mkubwa wa bei. Kiti cha pembeni kilikuwa cha rafiki yake Ngo, fundi saa mstaafu, mwenye kikohozi kisichopona na mdomo usiopumzika. Kila mwaka mpya Ngo alimuuliza swali lile lile: Hok, siku ukifunguliwa utafanya nini? Bunhok alikuna goti, akatazama ubao. Nami nilimuuliza nyumbani, akakuna goti lile lile. Hakuna aliyewahi kupata jibu.

Sasa sikia kilichompata mwaka wa nguruwe. Bei ilipanda mwezi mzima, taratibu, mpaka asubuhi moja ubao ukawa mwekundu wa kupanda kutoka juu hadi chini, na minyororo ikagusa tisini na saba. Ikakaa hapo dakika tisa. Dakika hizo tisa Bunhok alikuwa chooni. Aliporudi akifunga mkanda, alikuta ukumbi mzima umenyamaza kama msibani na ubao unasoma tisini na tano. Wakamwita Dakika Tisa, na jina likamganda. Tangu siku hiyo, saa za soko hanywi chai, hali tikiti maji, na chooni hakanyagi. Miaka kumi na saba. Enzi macho yake yakiwa mazima, ilikuwa ikifika saa saba na nusu, unamwona anakuja nyumbani kwa baiskeli kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Mwaka huu, sikukuu za mwaka mpya zilipokwisha, dalali alifunga ule ukumbi. Watu wanauza na kununua kwenye simu, alisema, ubao unakula umeme bure. Kwa wengine haikuwa neno. Lakini macho ya Bunhok yalishachukuliwa na presha ya ndani ya jicho, anaona mwanga wa mlango na kivuli changu, basi. Ukumbini Ngo ndiye aliyekuwa akimsomea. Sasa Bunhok akawa anakaa kwenye kiti karibu na jokofu, ameelekea ukutani, na bakuli la wali wa bata mzinga linapoa mbele yake. Na minyororo, kama kwa kusudi, ikaanza kupanda. Dunia imetaka baiskeli za umeme, nazo zinataka minyororo. Themanini na tano. Themanini na nane. Siku iliyofika tisini Bunhok aliniambia, polepole, kwamba kufungwa alishakuzoea. Asichoweza ni ile bei yake ipite tena mbele yake naye hajui.

Aliyelisikia hilo ni Peirong, mke wa mwanangu, ambaye anafanya kazi ofisi ya ushirika wa wakulima, anaandika uzito wa mananasi. Kule alijifunza kuandikia kompyuta maagizo kwa lugha iitwayo Python. Nikamwambia, hilo si jina la chatu? Akasema ndiyo, Mama, ila huyu hang'ati. Anaandikiwa mstari kwa mstari, kama unavyomwachia mtu maagizo ya chungu jikoni. Katazame bei. Ikiwa imefika tisini na saba, piga kelele. Ikiwa haijafika, nyamaza, subiri nusu dakika, katazame tena. Saa saba na nusu ikifika, pumzika.

Nikaona ni jambo la kumaliza kabla chai haijapoa. Thubutu.

Kwanza hiyo programu yake ilikuwa inatuma ujumbe kwenye simu. Bunhok akauliza asome kwa pua? Peirong akaipa sauti, lakini ilikuwa sauti ya msoma habari wa televisheni, na Bunhok akasema huyo dada hamjui wala hamwamini. Peirong akatafuta mlio ambao mtu yeyote mtaani akiusikia lazima ainuke, akauweka, akaijaribu kwa bei ndogo. Ulikuwa wimbo wa gari la taka, ambalo kwetu hupita likiimba ili watu watoe taka zao. Asubuhi ile, saa nne kasoro, bei iligusa namba ya majaribio, wimbo ukalia dirishani kwetu, na kichochoro kizima kikatoka na mifuko ya taka mkononi, wengine na kandambili za bafuni. Tena haukulia mara moja. Kila nusu dakika uliimba upya, maana bei ilikuwa bado ipo pale na ile programu haikumbuki kwamba imeshasema. Jirani wa namba saba hajaniamkia vizuri hadi leo.

Peirong akaifundisha kukumbuka. Ikishasema, itulie. Bei ikishuka na kurudi, iseme upya. Na sauti tukaweka yangu. Alinikalisha mezani nikatamka namba moja moja, sifuri hadi tisa, na jina la mume wangu. Kompyuta kuukuu ikawekwa juu ya jokofu, na juu ya kompyuta pakiti ya kijani ya bisi, ile ambayo kila mwenye mashine huiweka mashine itulie. Lazima iwe ya kijani, na isiwe imepitwa na tarehe. Nilihakikisha vyote viwili.

Ndipo nikauliza swali langu, tukiwa mezani. Nilimuuliza Peirong, ikiwa kimya maana yake nini? Maana yake bei bado, Mama. Na ikiwa imekufa, itakuwaje? Peirong akaacha kutafuna. Itakuwa kimya pia, alisema.

Majuma matatu tulizunguka hapo. Nilikuwa nainuka kila saa kwenda kuitazama taa ndogo ya ile kompyuta, lakini taa inawaka hata kama ndani hakuna anayefanya kazi. Aliyetufungua ni Bunhok mwenyewe, siku Ngo alipokuja kututembelea na kukohoa sebule nzima.

"Ukumbini sikuwa namuuliza huyu kama yuko macho," alisema. "Nilikuwa namsikiliza akikohoa. Asipokohoa, namsukuma kiwiko."

Peirong alishachukua simu. Akamwomba Ngo akohoe tena, vizuri, kwa moyo. Ngo akasema miaka arobaini mkewe anamwomba anyamaze, leo ndiyo mara ya kwanza mwanamke anamwomba akohoe. Tangu siku hiyo kompyuta yetu ikawa inakohoa kila robo saa, kikohozi cha Ngo mtupu, na ikiwashwa inakohoa mara moja kusema nipo. Siku ya kwanza Bunhok aliijibu, "Pole." Ngo aliposikia akafurahi kupita kiasi, akasema hata akifa ataendelea kutusumbua.

Umelipata jibu la kitendawili? Mlinzi wako mfundishe kukohoa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku nne kabla ya sikukuu ya mashua. Nilikuwa jikoni nafunga wali wa kunata wa sikukuu hiyo kwenye majani ya mianzi, mikono yote miwili imejaa wali na uyoga. Jana yake bei ilifungia tisini na tano na nusu. Bunhok alikuwa kwenye kiti chake tangu saa mbili, mgongo umenyooka. Saa tatu na robo, kikohozi. Saa tatu na nusu, kikohozi. Mpaka saa nne na robo kilikuja kwa wakati wake. Kisha nikawa nafunga tu, nahesabu mafungu ya kumi, sina habari.

"A-Kim," akaniita. "Ngo hajakohoa."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika thelathini na mbili. Nikamwambia labda imechelewa. Akasema Ngo wa kwenye jokofu hachelewi, hana mke wa kumchelewesha. Alikuwa anatania, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kiti.

Nikaenda kutazama pakiti ya bisi. Ilikuwa ya kijani, na tarehe yake nzuri. Basi nikampigia Peirong kazini, simu nimeibana begani. Akaniuliza kwenye kioo kumeandikwa nini. Nikamwambia ni Kizungu, na mimi niliishia darasa la sita.

"Tafuta mstari wa mwisho, Mama. Kuna kitu kimefungiwa kati ya alama mbili ndogo. Ni nini?"

"Kistari," nikasema. "Kistari tu, kama mtu aliyesahau kuandika."

Nikasikia anacheka kwa hasira. Kumbe kuna nyakati, soko likiwa wazi, hakuna aliyemuuzia mwenzake, na pale pa namba wenye soko huweka kistari. Chatu wetu alifundishwa kumeza namba. Alipopewa kistari kikamkwama kooni, akafa kimya kimya, taa inawaka.

"Kumfundisha ni jioni," Peirong alisema. "Sasa mfufue. Mshale unaotazama juu, mara moja. Halafu kitufe kikubwa cha kulia."

"Vidole vyangu vina wali."

"Bonyeza na wali wako, Mama."

Nikabonyeza. Mshale, kisha kitufe kikubwa. Punje tatu zikabaki pale, na ziko hapo hadi leo, sitaki mtu azifute. Ikapita pumzi moja. Kikohozi cha Ngo kikatoka juu ya jokofu, kirefu, chenye makohozi yake yote, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na sita. Sikurudi kwenye majani ya mianzi. Nilisimama pale na kidole juu ya kile kitufe, kikija kistari kingine nimfufue tena, na Bunhok kwenye kiti chake.

Saa nne na dakika arobaini na moja nikajisikia mwenyewe naita, kutoka juu ya jokofu: "Hok. Tisa. Saba."

Simu alishaishika. Kitufe cha dalali tulikiwekea tone la gundi akitambue kwa kidole. Binti wa ofisi ya dalali akapokea, na Bunhok akataja jina lake kamili, kama mtu anayeapishwa. Mimi nilidhani sauti yake itatetemeka. Haikutetemeka.

"Uza," alisema. "Minyororo. Zote. Tisini na saba, na senti isipungue."

Binti akamwomba asubiri. Tulisikia vidole vyake vikigonga. Katika maisha yangu nimesubiri watoto watatu kuzaliwa na sikumbuki kusubiri kama kule. Halafu akasema, "Zimetoka, Baba. Zote, kwa tisini na saba."

Bunhok akashukuru. Akaweka simu mapajani, juu chini, akaipapasa kama paka.

Nilikuwa nimesharudi kwenye wali wangu mlango ulipogongwa. Ngo aliingia mbio, mguu mmoja kandambili yake, mguu mwingine ya mkewe, simu iliyopasuka kioo ameinyanyua juu. Alikuwa amesinzia, ameamka, ameona. Akaanza kusema Hok, Hok, imefika, haraka, na Bunhok akamwambia kwa upole kwamba ameshauza, tena dakika nane zilizopita. Ngo akakaa kwenye beseni la majani ya mianzi. Alitaka kusema kitu, kikohozi kikamzidi, na kompyuta nayo ikakohoa papo hapo, robo yake ilikuwa imetimia. Wawili kwa pamoja. Tulicheka mpaka nikajipaka wali usoni.

Bei ilikaa pale dakika kumi na moja. Nilihesabu. Halafu ikashuka, ikaenda ilikokwenda, si yetu tena. Nikampigia Peirong, akapiga ukelele mmoja tu, na nyuma yake nikasikia ofisi nzima ya mananasi inapiga makofi. Mimi kichwani nilishaanza kupanda ngazi za ghorofa ya juu. Nilikuwa naona dirisha litakaa wapi, na kamba ya nguo nitaihamishia wapi.

Ngo alipopata pumzi, akajifuta macho, akasogea mpaka magoti yake yakagusana na ya Bunhok. Hakutania safari hii.

"Hok. Miaka thelathini na minne nakuuliza. Umefunguliwa. Utafanya nini?"

Bunhok hakukuna goti. Aliinuka, akapeleka kiganja ukutani, akaanza kuufuata taratibu kuelekea uani. Saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata saa tano, na soko liko wazi.

"Naenda chooni," alisema. "Na mtu asinigongee mlango."