Nyama Kwenye Picha ya Mgiriki

Siku ambayo wakwe walikuwa waje kumposa binti yangu Nuru, jirani yangu Émilienne aliniletea sahani za kuazima, akatazama ukutani, akaniharibia asubuhi.

"Mama Nuru, ile nyama ya kwa picha, mi niliona bapadri banaikula. Iko jambon. Ni nguruwe."

Picha hiyo ya rangi za mafuta marehemu mume wangu aliinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akihama mji wetu wa Baraka. Ilikuwa kuukuu hata kwa huyo Mgiriki: zabibu, ndimu iliyomenywa nusu, mdudu mwekundu wa baharini mwenye makucha, na kitu cha waridi chenye ukingo mweupe. Mimi nilijua ni tikiti. Sikuwahi kujiuliza tikiti lina mfupa wa nini.

Na baba wa bwana harusi ni Mzee Kassimu, anayeswalisha msikitini kwetu. Kuishusha sikuthubutu. Alizoea kuja kunywa chai na marehemu, angeuliza imeenda wapi. Nilijipa moyo kwamba hakuwahi kuitazama vizuri, lakini leo alikuwa anakuja na dada zake, na hao wana macho. Habari ingefika hadi kijiji cha Makobola kabla ya pilau kupoa, na Nuru wangu angebaki nyumbani.

Nikachukua rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka boti yetu, nikamgeuza nguruwe kuwa jani la mgomba.

Wakaja mapema. Rangi ilikuwa mbichi. Tukiwa bado kwenye salamu, nikaona tone la kijani linateremka juu ya ndimu, likafika kwenye fremu, likaanza kuchuruzika ukutani. Dada za Mzee walikuwa wananusanusa.

Mzee Kassimu akainua macho.

"Mama Nuru, nyama iko wapi?"

Nikajua posa imekufa.

"Mi na bwana yako tulijua zamani," akasema polepole. "Nilimuambia aitoshe kwa ukuta. Akakatala. Akasema, bibi yangu anaipenda sana hii picha, anajua ni tikiti. Ukimuambia, usirudie tena hapa."

Dada zake walicheka mpaka mitandio ikawaanguka. Mzee akawanyamazisha, akasema wamekuja kwa ajili ya Nuru, akaomba dua. Posa ikapita.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nilimkasirikia marehemu pale pale, mbele ya wakwe, kwa kuniacha mjinga miaka yote hiyo, na nikatamani arudi hata mchana ule mmoja tu, nimgombeze.