Tunabadilisha Nepi Mlangoni Kwako

Mtaa mzima ulimwita Fundi Herufi, na herufi alizijua kweli. Akikuandikia bango, mstari haukupinda hata ngazi ikitikisika, na herufi zilijipanga kama wanafunzi wanaomwogopa mwalimu. Tatizo lilikuwa maana. Maana aliiacha ijitafutie njia yenyewe. Ndiye aliyemwandikia seremala wa majeneza, kwa rangi ya dhahabu, "Karibu Tena", na ndiye aliyeandika ukutani kwa kinyozi, "Tunakata Vichwa vya Aina Zote". Seremala alicheka na kulipa. Kinyozi hakucheka. Fundi mwenyewe alisema watu siku hizi hawajui kusoma.

Mkewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alifua mashuka katika hoteli kubwa, kazi ya mvuke na pasi nzito, na akisema neno limesemwa. Alipojifungua binti yao na kupewa likizo ya uzazi, hakukaa bure. Alianzisha huduma ndogo ya nepi za kitambaa. Anakuletea nepi zilizochemshwa, zikakaushwa juani na kupigwa pasi. Zikichafuka unazitia kwenye ndoo yenye mfuniko, naye anakuja kuichukua ndoo na kukuachia nepi nyingine safi. Mzazi hainami kwenye karai huku usingizi umemjaa machoni.

Wazo lilikuwa zuri, ila wateja walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mmoja alikuwa jirani wa mlango wa pili, aliyejiunga kwa kuona haya. Mwingine alikuwa rafiki wa zamani wa mke. Wa tatu mtoto wake alizoea poti, akaaga kwa furaha kubwa, na wenye huduma wakabaki kumpongeza kwa shingo upande.

Na siku hazigandi. Likizo ilikuwa inaisha, na Jumatatu mke alitakiwa kazini. Zamu ya hotelini ilianza jogoo hajawika, na Fundi alishinda juu ya ngazi na makopo ya rangi. Nani angebaki na mtoto? Wakakubaliana, au tuseme mke alisema na mume akanyamaza. Nyumba kumi zikipatikana kufikia Jumapili, mke anaacha hoteli. Zisipopatikana, anarudi kazini, na mtoto anachukuliwa na bibi yake, mama wa mke, akalelewe huko mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Bibi alishapigiwa simu, naye alishakubali. Fundi kila akimtazama binti yake alihisi mtu anamkamua moyo kama nguo.

Ijumaa mchana mama na mtoto walikuwa wamelala. Fundi alichukua simu ya mkewe, akafungua ukurasa wa huduma yao mtandaoni. Mke alikuwa ameandika, "Huduma ya nepi za kitambaa. Usafi na uaminifu." Fundi akatikisa kichwa. Hilo lilikuwa tangazo au taarifa ya msiba? Akalifuta. Akaweka picha ya nepi nyeupe zikipepea kwenye kamba, na chini yake akaandika:

"WAZAZI WAPYA! TUNABADILISHA NEPI MLANGONI KWAKO! Wewe lala, sisi tupo. Piga simu tu, tunafika."

Akamalizia na namba yake mwenyewe, ili mkewe asisumbuliwe.

Tumtendee haki. Alikusudia kwamba nepi chafu inatoka, safi inaingia, mabadilishano ya mlangoni kama ya chupa tupu za soda. Lakini mwenye mtoto mchanga ukimwambia "kubadilisha nepi", hafikirii chupa za soda. Fundi hakuliona hilo, kwa sababu tangu binti yake azaliwe hakuwahi kubadilisha nepi hata moja. Kila akiitwa, mikono yake ilikuwa na rangi. Hata siku za mapumziko ilikuwa na rangi.

Simu ya kwanza iliingia kabla hajakaa.

"Nyinyi ndio mnaobadilisha nepi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, yenye kuhema.

"Ndio sisi!"

"Njoo upesi, kaka. Imejaa."

Fundi alifurahi. Mtu anaanza tu, na tayari ana ndoo iliyojaa! "Imejaa sana?"

"Inavuja."

"Usijali. Ifunike vizuri, uiweke kibarazani kwenye kivuli, nitaipitia."

"Niiweke kibarazani? Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe apumzike," Fundi alisema kwa upole, akimfikiria mama mzazi. "Ndiyo maana tupo."

"Mwenyewe analia, kaka!"

"Mpe pole. Mwambie nipo njiani."

Aliuliza nyumba ilipo, akapanda baiskeli, kapu la nepi safi nyuma, akapiga mluzi njia nzima. Simu iliita mfukoni mara nyingine, na nyingine, na nyingine tena. Mambo yamejipa, alijiambia. Kumbe heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alikuwa amejikwaa kwa herufi kubwa.

Mlango ulifunguliwa na kijana aliyevaa shati la ofisini na suruali ya kulalia. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, na mwisho wa mikono hiyo kulikuwa na mtoto wa kiume anayepiga kelele, mwekundu kwa hasira, akidondosha matone kwenye sakafu.

"Mungu akubariki," kijana alisema, akamkabidhi.

Fundi akajikuta ameshika mtoto wa watu. Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Samahani, mimi nimeleta nepi."

"Ndiyo. Na sisi tumeleta mtoto."

"Hapana, ngoja. Sisi tunabadilisha nepi tu. Chafu kwa safi."

"Sasa hiyo si chafu?" Sauti ilitoka kwenye kochi. Mama wa mtoto alikuwa amelala chali, simu kifuani, macho mekundu. Akaisoma kwa sauti kavu: "'Tunabadilisha nepi mlangoni kwako. Wewe lala, sisi tupo.' Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, kaka. Hebu niambie nimekosea wapi."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Fundi aliona maneno yake kama wengine walivyoyaona, na hayakupendeza hata kidogo. Angeweza kumrudisha mtoto na kukimbia. Lakini nyumba iliyokimbiwa si mteja, na Jumapili ilikuwa keshokutwa. Akamlaza mtoto mezani, akavuta simu yake, akampigia mkewe.

"Mama," alinong'ona, "hebu nielekeze. Nepi inabadilishwaje?"

Mkewe akauliza taratibu, neno moja moja, "Baba. Mtoto ninaye hapa kifuani. Wewe unambadilisha nani?"

Ikabidi aeleze. Alieleza vibaya, kwa kukatakata, mtoto akimsaidia kwa makelele. Fundi alisubiri radi. Radi haikupiga.

"Hao wenye mtoto wapo?" mke aliuliza.

"Wapo. Wananitazama."

"Weka sauti kubwa. Sisi tutaongea nyumbani."

Ile "tutaongea nyumbani" ilimtia Fundi baridi ya mgongo. Lakini sauti iliyojaa chumba baada ya hapo ilikuwa ya upole mtupu, sauti ya mtu anayekunja shuka la harusi. "Habari zenu, jamani. Poleni. Tunaanza. Baba, shika miguu yote miwili kwa mkono mmoja. Weka kidole katikati ya vifundo, visisuguane."

"Nimeshika."

"Inua kidogo. Kidogo! Hutundiki bango. Sasa, huyo ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Basi weka kitambaa pale kabla hujafungua, maana..."

Onyo lilichelewa. Fundi alipigwa kifuani, kisha shingoni. Mwalimu wa Kiswahili akaketi, akashika mbavu, akacheka mpaka machozi, na mumewe naye akaanza. Inaonekana hakuna aliyekuwa amecheka katika nyumba hiyo tangu mtoto aingie.

Wakaendelea. Futa kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha mikunjo ya mapaja. Kunja kitambaa pembe tatu, sehemu nene iende mbele kwa wa kiume. Pini ipite juu ya kidole chako, ikichoma ikuchome wewe. Ilimchoma yeye. Fundi alikunja akakosea, akakunja tena, na mara ya tatu nepi ikakaa. Mtoto akanyamaza ghafla, akamtazama, akapiga mwayo.

Fundi alisimama pale akiwa ameloa, na alijisikia fahari kuliko siku aliyoandika bango la benki. Kisha akajisikia vibaya. Hii ndiyo kazi aliyokuwa anaikimbia kwa kisingizio cha rangi?

"Subiri, dada, usikate," mama wa mtoto alisema akiinamia simu. Hakuwa anacheka tena. "Hapa mapajani ana vipele. Nimekosea nini?"

Mke akamwuliza anafulia sabuni gani na anasuuza mara ngapi. Akamwambia hajakosea kitu, asuuze zaidi, amwache mtoto bila nepi kidogo kila siku. Mama yule akaanza kulia. "Kila mtu ananiambia utazoea, utajua tu," alisema. "Hakuna aliyenionyesha hata mmoja."

Fundi, kwa kukosa la kufanya, akampangusa mama yule pua kwa nepi safi.

Nyumbani waliongea kweli. Mke alisema kwa muda mrefu, bila kurudia tusi. Fundi alikubali kila kitu, kisha akashika simu. "Nilifute?"

Mke alifikiri. Simu ziliendelea kuita, na kila aliyepiga alitaka mtu aje abadilishe. "Usifute," alisema hatimaye. "Ongeza tu kwamba siku ya kwanza tunakuja wawili, tunakuonyesha. Na safari hii niandike mimi."

Jumamosi yote na Jumapili mpaka alasiri walizunguka, mke na binti yao mgongoni, Fundi na makapu kwenye baiskeli. Wengine walipojua kwamba hatakuja mtu kila saa kumbadilisha mtoto wao walikata simu kwa matusi. Mzee mmoja alitaka wamchukue mjukuu kabisa, wamrudishe akianza shule. Lakini wengine waliwafungulia mlango, wakatazama jinsi Fundi anavyokunja pembe tatu kwa vidole vyenye plasta, wakasema kama huyu ameweza, na sisi tutaweza. Wakajiunga.

Walipofika nyumbani, bibi alikuwa ameshafika. Alikaa kitini na kilemba chake cha safari kichwani, begi miguuni. Akampokea mjukuu, akambusu utosi, hakusema sana. Mke akawasha pasi. Fundi akahesabu nyumba kwa vidole. Akahesabu upya akianzia mkono mwingine.

"Tisa," alisema.

"Hesabu vizuri."

"Nimehesabu. Na jirani nimemtia, na rafiki yako nimemtia. Ni tisa." Machozi yalikuwa yanamlenga na hakuyaficha, ingawa mama mkwe alikuwa mbele yake. "Mke wangu, mimi najua umesema kumi. Lakini..."

"Hii hujaihesabu."

"Ipi?"

"Hii nyumba. Kwani wetu anavaa majani?"

Fundi alimkodolea macho. "Sisi ni wateja?"

"Wateja wabaya kuliko wote. Wanachafua sana na hawalipi. Lakini ni nyumba." Mke aligeuza nepi, akapitisha pasi. "Kumi. Siendi hotelini kesho."

Kisha akakumbuka kwamba mama yake amekaa pale. Akaweka pasi pembeni, akapiga goti karibu na kiti. "Nisamehe, mama. Nimekusafirisha bure. Najua ulikuwa unamtaka sana."

Bibi alimshika bega.

"Mimi?" alisema. "Nani alikuambia?"

"Si nilipokuuliza, ulisema utakuja kumchukua."

"Ulikuwa na sauti ya mtu aliyekwama. Ningesema nini? Mwanangu, magoti haya yanapiga kelele nikiokota kijiko, nitakimbizana na mtoto wapi? Njia nzima ndani ya basi nimeomba Mungu nikifika uniambie umebadili mawazo." Aliangua kicheko, na ndani ya kicheko akaanza kulia. "Nilikubali kwa sababu ulitaka."

"Mimi nilitaka kwa sababu ulikubali," mke alisema, akamlalia mapajani na kulia kama mtoto, na mtoto mwenyewe katikati yao akiwashangaa.

Fundi alisimama, hajui aweke wapi mikono. Alikuwa amezoea kuambiwa kwamba maneno yake ndiyo yanayoleta balaa. Na hawa wawili, watu wa neno moja, walikuwa wamebakiza usiku mmoja tu kumpeleka mtoto mwendo wa kutwa nzima kwa sababu ya lile ambalo kila mmoja hakulisema.

Akaenda kuzima pasi, maana ilikuwa imeanza kuunguza.