Kombe la Bwana Miwani

Anayesema Bwana Miwani ndiye aliyeifundisha Kilwa mpira, aje aniambie usoni mimi Mfaume, mlinda mlango na kapteni wa timu ile. Nitamjibu.

Mwalimu wetu alikuwa Klementi. Kwenye chuo chake cha ualimu walimjua kwa chenga, mpaka siku alipovunjwa goti. Akaja kufundisha Kilwa huku anachechemea, akatukusanya sisi vijana wa sokoni na wa ngalawa, akatupigisha mazoezi pwani kila alasiri maji yakitoka, miguu peku. Mwezi wa Ramadhani alifunga pamoja nasi, yeye Mkristo, eti hawezi kunywa maji wachezaji wake wanamtazama. Mtu wa namna hiyo jamani!

Bwana Miwani, mzungu wa serikali, alikuwa akipita na gari, anachungulia, anakwenda zake. Lakini siku ya fainali kule Lindi akakalia kiti cha mwalimu wa timu, na Klementi akaambiwa asimame nyuma yake awe mkalimani. Mkalimani! Damu ilinichemka. Klementi akanisihi nitulie, nikacheze. Tukacheza, tukawafunga Lindi bao moja bila, kwa pasi zile zile za mchangani.

Wakati wa kutoa kombe, Bwana Miwani akahutubia. Na Klementi, Mungu wangu, akafasiri yote bila kupunguza: kwamba vijana hawa Bwana amewafundisha mwenyewe, na anamjua kila mmoja kama mwanawe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitaka kulia kwa hasira, na sehemu ya hasira ile ilimwelekea Klementi mwenyewe. Kwa nini asiseme kwamba kazi ni yake?

Bwana akaninyooshea kombe. Sikulipokea.

"Mwalimu," nikasema, "muulize Bwana, mimi naitwa nani?"

Klementi akafasiri, polepole, kwa adabu zake zote. Makofi yakakatika. Bwana Miwani akanitazama usoni, akanitazama miguuni, kisha akamgeukia Klementi na kumtegea sikio, amnong'oneze.

Tangu asubuhi Klementi alikuwa hajamnyima Bwana yule neno hata moja. Sasa alitazama mbele, kwa wachezaji wake, na mdomo kaufunga.