Darasa la Nne Laenda Benki

Mapenzi Changawa alikuwa na dirisha la tatu katika benki moja pale Changamwe, lile lililo chini ya feni mbovu. Kila asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, alipanga vitu vyake kwa utaratibu ule ule: muhuri mkono wa kulia, kisahani cha sponji ya kulowesha vidole mkono wa kushoto, na nyuma kabisa ya droo, palipo giza, pakiti ya chaki nyeupe. Muhuri na sponji vilikuwa vya benki. Chaki ilikuwa yake.

Jioni na Jumamosi alikuwa akisomea ualimu. Masomo yote aliyamaliza, likabaki jambo moja tu: chuo kilimtaka asimame mbele ya darasa muhula mzima, afundishe watoto wa kweli, kisha mkaguzi aje amwone. Benki haikuwa na likizo ya muhula mzima. Na kama angeacha kazi, bima ya benki ingekoma, na bima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnunulia mamake, Mama Ruth, sindano zake za kisukari.

"Mwanangu," Mama Ruth alimwambia, akichambua mchicha mlangoni kwao Chaani, "hata tumbili huachia tawi baada ya kushika lingine. Wewe wataka kuachia kwanza, ukatafute la pili ukiwa hewani."

Mapenzi alimsikiliza, akamsaidia kuchambua mchicha, lakini siku moja aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye shule iliyo karibu na kwao. Mwalimu mkuu, Mwalimu Nduku, alimpokea kwa mikono miwili, akampeleka moja kwa moja darasa la nne. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa amestaafu na mwengine hakuletwa. Watoto walikuwa wakijifundisha wenyewe. Anayejua kidogo alimfundisha asiyejua kabisa. Kuta zilipakwa buluu mpaka kiunoni, madirisha hayakuwa na vioo, na kabatini, mahali pa vitabu, palikuwa na kuku aliyelalia mayai.

Mapenzi akatoa chaki yake. Akachora chapati ubaoni, akaikata mapande manne, na kabla hajamgawia mtu, ruhusa yake ikaisha.

"Tutaendelea kesho," aliwaambia.

Kesho yake hakwenda. Kesho kutwa hakwenda. Ahadi ni deni, na darasa lilikuwa limeisikia kwa kuta zake zote nne.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, darasa la nne likaja benki. Lilitoka Chaani taratibu, kama mama aliyejitwika ndoo iliyojaa, likangoja malori ya makontena yapite, likavuka. Dereva mmoja alilipigia honi kwa sababu alikuwa na haraka ya kufika bandarini. Watoto walikuwa ndani, wamekaa madawatini mwao, na kuku yuko kabatini. Likaingia uwanja wa kuegesha magari, likajibana kati ya gari la meneja na jenereta.

Tinga, bawabu wa benki, alilizunguka na kile chombo cha kukagulia wateja. Kikalia kila kilipopita karibu na paa.

"Ni misumari ya mabati," Tinga akasema, akaliruhusu.

Meneja, Bwana Bramwel, alitoka na kijiti cha meno mdomoni. "Hii darasa iko na akaunti hapa?"

"Halina, bosi."

"Sasa imekuja kufanya nini?"

"Lanifuata mimi. Niliwaambia tutaendelea kesho."

Bwana Bramwel alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Lunchi ni yako, siwezi kukupangia. Lakini kaunta ifunguliwe kwa wakati. Na hao watoto wasitumie choo ya wateja."

Mapenzi akaingia. Chapati ilikuwa bado ubaoni, haijapoa. Akaigawa.

Ikawa ndiyo desturi. Mchana darasa huja, Mapenzi hufundisha badala ya kula, kisha darasa hurudi Chaani na yeye hurudi dirishani. Wateja waliochoka kusimama walikwenda kuketi madawati ya nyuma wakisubiri namba zao ziitwe. Mzee mmoja wa Miritini alijifunza kugawanya kwa namna hiyo, na namba yake ilipoitwa akakataa kutoka mpaka ajue baki.

Siku moja kona ya darasa ilitokeza barabarani kidogo. Askari wa maegesho wakaja na kile chuma chao cha kufungia magurudumu. Walitafuta gurudumu, wakalikosa, wakakifunga mlangoni. Tangu hapo darasa halikuweza kwenda popote, na watoto wakawa wanaingilia dirishani, jambo ambalo hawakuliona baya hata kidogo. Shuleni walifika asubuhi kuitikia majina yao, kisha wakatembea mpaka benki kusoma. Mapenzi aliwafundisha saa yake ya chakula. Saa zilizobaki walikaa wakimtazama kupitia kioo cha benki, na alipowaambia wateja "karibu tena", wao walikuwa wakiandika.

Bwana Bramwel alipiga picha, akaipeleka makao makuu. Makao makuu wakaleta mafundi. Buluu ya kiunoni ikafutwa, darasa likapakwa rangi za benki, kijani na machungwa, na ukutani pakaandikwa kwa herufi kubwa: TUNAJALI KESHO YAKO. Wakubwa wakaja na miwani ya jua, wakapeana mikono mbele ya mlango uliofungwa, wakapigwa picha. Wiki hiyo chaki ya Mapenzi ilikwisha, akanunua nyingine.

Muhula ulipokaribia kwisha chuo kilimleta mkaguzi wake, Bi. Nadira, mama wa makamo, mnene, mwenye buibui lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, Bi. Nadira."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi, miaka yote hii nakagua walimu, sijaingia darasani kwa dirisha. Haya, nishike mkono. Na we Tinga, usisimame tu, sukuma kwa adabu."

Alisukumwa kwa adabu. Akaketi dawati la mwisho karibu na kabati, ambamo sasa mlikuwa na vifaranga, akatazama somo mwanzo hadi mwisho. Kengele ya benki ilipolia, alifunika kalamu yake.

"Umefaulu," akasema. "Wafundisha kama mtu aliyezaliwa na chaki mkononi. Sasa ungoje kuitwa kazini."

"Ningoje mpaka lini, Bi. Nadira?"

"Nna mwanafunzi wangu mmoja alianza kungoja akiwa mwari. Juzi kamwoza binti yake. Angoja bado."

Lakini Mapenzi alikuwa na tumaini lake mahali pengine. Nafasi ya darasa la nne Chaani ilikuwa wazi, Mwalimu Nduku alikuwa amemwombea, na maafisa wa elimu walikuwa njiani kuhesabu shule zinazopungukiwa na walimu. Akipata ile, mshahara upo, bima ipo, sindano za mama zipo. Tawi la pili lilikuwa karibu kabisa na mkono.

Maafisa walifika Chaani. Kati ya darasa la tatu na la tano walikuta mraba wa udongo mwekundu, ambao Mwalimu Nduku alikuwa ameupanda mchicha ili usikae bure. Wakaupima. Wakaandika kwamba darasa la nne halipo, na kwa kuwa darasa halipo, mwalimu wake hawezi kupungua.

"Niliwaambia darasa liko benki," Mwalimu Nduku alimweleza Mapenzi, akimkabidhi fungu la mchicha. "Wakaniambia, mama, ya benki yahesabiwe na benki."

Ofisi ya elimu ikatangaza kwamba upungufu wa walimu Chaani umepungua kwa mmoja.

Bwana Bramwel alimwita Mapenzi ofisini, akampa kitambulisho kipya cha kuning'iniza shingoni. "Hongera. Wewe sasa ni Afisa wa Kesho. Na dirisha la tatu utaendelea nayo."

"Na mshahara, bosi?"

"Tuanze na cheo."

Jioni Mama Ruth alikishika kitambulisho, akakisogeza karibu na taa. "Kwa hiyo tawi umelipata?"

"Nimelipata, mama."

"Lipi?"

"Lile lile," Mapenzi akasema, akaenda kupika mchicha.

Ijumaa iliyofuata alifika kazini mapema. Langoni palikuwa na darasa jengine, la sita, lenye vumbi mpaka madirishani. Lilikuwa limetoka Mjambere, likavuka daraja la Nyali, likapita mjini, likatokea Makupa. Watoto wake walikuwa wamesinzia wakiegemeana. Tinga alikwisha kulikagua, na alikuwa akilielekeza mashine ya foleni ilipo. Darasa likachukua namba, likajisogeza kando ya lile la nne, likatulia kusubiri zamu yake.

Mapenzi aliisoma ile namba. Akaweka muhuri kulia, sponji kushoto, akahesabu chaki zilizobaki, akaikata kila moja vipande viwili.

Na Mjambere nako, siku hiyo hiyo, upungufu wa walimu ukapungua kwa mmoja.