Mashua Iliyokaa Nyasini

Mashua ya Laverna ilikaa nyasini karibu mwaka mzima, ikiipa bahari mgongo kama mgeni aliyekosea nyumba.

Bahari yenyewe ndiyo iliyoiweka pale. Huku kwetu Tuktoyaktuk, pwani ya kaskazini kabisa ya Kanada, bahari ina misimu yake. Baridi inapoelekea kuisha hushuka chini kabisa, hata barafu ya ghubani ikaukalia mchanga. Mito ikifunguka huanza kupanda polepole, na vuli ikifika, kabla maji hayajaganda, huwa imejaa hadi ukingoni. Upepo wa kaskazini-magharibi ukiikuta katika hali hiyo, basi tena, inavuka. Vuli ile ilivuka, ikaibeba mashua, ikaitua katikati ya nyasi, kisha ikarudi zake.

Aliyeiunda ni Isak, mume wa Laverna. Moyo ulimsimama ghafla, mashua ikiwa bado mpya. Laverna alikuwa hajawahi kuiendesha peke yake.

Kiangazi kilichofuata, Angik, mdogo wa marehemu, aliazima tingatinga akaja nalo kwa vishindo.

"Shemeji, leo mashua yako inarudi majini, utake usitake!"

"Polepole, Angik. Hilo si gogo."

Alifunga kamba, akavuta. Mashua iligumia, ikasogea kidogo, halafu ubao wa ubavuni ukapasuka kwa mlio kama wa bunduki.

"Zima!" Laverna alipiga kelele. "Zima hilo dude!"

"Ubao mmoja tu, shemeji."

"Leo mmoja, kesho utaniletea kuni. Fungua kamba. Maji yaliyoileta yatakuja kuichukua."

"Na yasipokuja?"

"Nitangoja mwaka mwingine."

"Basi tia mapazia, upangishe wageni."

Laverna alicheka, lakini mashua haikuvutwa tena. Alichonga ubao mpya, akaziba nyufa, akapaka rangi. Akaifunga kwa kamba ndefu na nanga aliyoizika ukingoni, ili maji yakija yasiisukume mbali zaidi. Wapita njia walimwamkia: "Nahodha! Safari lini?" Naye akawajibu: "Ngojeni tarumbeta." Wenzake walitoka kuwinda nyangumi weupe, wakarudi, wakamkatia fungu lake. Alikula akiwashukuru, lakini alitamani kutoka mwenyewe.

Vuli ikaingia. Bahari ilianza kupanda, na kila asubuhi Laverna alikwenda kuitazama. Ilifika kwenye mizizi ya nyasi za ukingoni, ikasimama. Siku zikapita, bado imesimama. Barafu nyembamba ilianza kuonekana pwani, na ghuba ikiganda kabla ya upepo, mashua ingelala pale mwaka mwingine. Angik aliacha kumtania, na ukimya huo ulimuuma kuliko utani wote.

Kisha upepo ukageuka. Kufika asubuhi, maji yalikuwa yamevuka ukingo, yanatambaa nyasini kama maji ya kudekia. Laverna alivaa buti za hadi mapajani, akapanda mashuani, akaifungia injini yake nyuma, akaketi. Mashua iligusa ardhi, ikaachia, ikagusa tena. Mara haikugusa. Iligeuka taratibu ikatazama baharini, na Laverna akajikuta ameshika ukingo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Hapakuwa na mtu wa kumwambia ashike njia ipi.

Redio ya mawasiliano mashuani ikakoroma. Alikuwa Angik.

"Laverna, niko kwa mama. Nyumba imezungukwa na maji, na pikipiki yangu imezama. Unanisikia?"

"Nakusikia. Mwambie mama afunge mizigo."

"Mama anasema hatoki."

"Mwambie nakuja."

Nyumba ya mama yao Isak na Angik, bibi Unalina, ilikuwa bondeni kwenye rasi. Laverna aling'oa nanga, akainua injini ili isikwaruze, akaenda kwa kusukuma na kasia juu ya nyasi, akapita katikati ya vichanja vya kukaushia samaki. Upepo ulimsukuma pembeni mara mbili. Mara zote mbili aliirudisha. Alipofika, Angik alikuwa ngazini amelowa hadi kifuani, na bibi Unalina amesimama nyuma yake na birika mkononi.

"Mashua hiyo si ilikuwa imekufa?" bibi aliuliza.

"Imefufuka, mama. Panda."

"Nani anaendesha?"

"Mimi."

Bibi alimgeukia mwanawe. "Na huyu je?"

"Huyo ni mzigo."

Bibi Unalina alicheka hadi akalazimika kuketi ngazini, na Angik, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, akacheka naye. Basi bibi akakubali kupanda. Alipoketi alipapasa ubavu wa mashua.

"Ubao huu si wa Isak."

"Ni wangu, mama."

"Umekaa sawa." Laverna akashika kasia. Aliwapeleka hadi mahali pakavu, akawashusha, akarudi kuwachukua majirani wawili na mbwa wao.

Jioni upepo ulitulia, na bahari ikarudi nyuma ya ukingo. Mashua ilibaki ghubani, juu ya maji. Kabla ya kuganda, Laverna alitoka nayo peke yake kutega nyavu, akarudi na samaki, akawagawia waliomwita nahodha. Walipokea bila utani, isipokuwa Angik, aliyedai kwamba mzigo nao una fungu lake.

Nyumba ya bibi, ambayo ni ya mbao, ilikuwa imelowa sakafu tu, lakini hakuna aliyetaka ikae tena bondeni. Bahari iliposhuka na baridi ikaikaza ardhi, tuliitia miti chini ili iteleze, na sisi kijiji kizima tukaivuta hadi kilimani. Bibi Unalina alikataa kutoka ndani. Njia nzima alikuwa dirishani akitufokea kwamba tunammwagia chai yake.