Ndengu Zilizopasuka

Kithaka alijiponza mwenyewe redioni. Mtangazaji mmoja wa Meru alimuuliza ni nani aliyemshika mkono alipoanza muziki, naye, kwa vile wasanii hupenda kuonekana wameota wenyewe kama magugu, akajibu: "Hakuna. Nilijifunza peke yangu. Hata mama hakuwahi kusema neno." Siakago nzima ilisikia.

Wiki mbili baadaye alikuwa Makutano, katika studio ya Karwirwa, akihangaika na wimbo uliogoma. Ndio uliokuwa wa kufungua albamu, na ulitakiwa Jumatatu. Kithaka alitaka ule mdundo wa utotoni: fimbo mbili juu ya ndengu zilizokauka, yeye akipiga, rafiki yake Gachoki akijibu kwa kuchelewa kidogo. Karwirwa aliutengeneza kwenye kompyuta mara nane. Kila mara ulitoka safi, umenyooka, hauna uhai.

"Huyo mwenzako bado yuko?" Karwirwa aliuliza.

"Yuko nyumbani, Siakago."

"Basi mwendee. Mimi naunda midundo, siundi watu."

Aliondoka Jumamosi asubuhi na kinasa sauti cha kuazima. Aliona aibu njia nzima, maana alijua fika kwamba Gachoki husikiliza redio akiwa shambani. Alimkuta uani kwa Ednah, mama yake Kithaka, akitandaza ndengu kavu juu ya turubai, bado zimo kwenye maganda. Gachoki alilizoea boma hilo tangu shule ya msingi; Kithaka alipohama, yeye hakuhama.

"Karibu, staa," alisema Gachoki. "Wewe uliyejifunza peke yako."

"Buda, nisamehe. Niliropoka tu. Nataka tupige ile kitu yetu ya fimbo, dakika tano tu nirekodi."

"Mimi siharibu ndengu za mama tena."

"Kuharibu aje?"

Gachoki alimtazama kwanza kuona kama anatania. Kisha akamweleza bila kupandisha sauti. Kupura ndengu kunataka mkono mwepesi. Wao walikuwa wakitwanga kwa nguvu, mara mbilimbili, wakiusaka mdundo, na kila msimu karibu debe zima lilipasuka. Mnunuzi akiona zilizopasuka hataki hata kushika gunia. Kwa hiyo Ednah alikuwa akiwatuma mtoni, akabaki na ungo akichambua: nzima kwenye gunia, zilizopasuka chunguni. Siku moja Gachoki alirudi mapema akamfumania.

"Akaniambia ninyamaze. Akasema, 'Ukimwambia, ataogopa kupiga.'"

Kithaka alikumbuka jinsi alivyokuwa akinung'unika mezani, kila siku ndengu, tena zilizovurugika, na mama yake akimpakulia tu. Roho ilimuuma. Alikuwa ametunga nyimbo kumi na moja juu ya njaa ya utotoni, na hakuna hata moja iliyouliza ile sahani ilitoka wapi.

Ednah alitoka jikoni na ungo wake kwapani.

"Mbona mmesimama? Jua linaenda."

"Mama, kule redioni nilisema vibaya."

"Nilisikia." Alivuta kigoda akaketi. "Lakini si uongo. Sikusema neno."

Kithaka aliwasha kinasa sauti, akaokota fimbo. Gachoki alisitasita, akamtazama Ednah, akaokota ya pili. Kithaka akaanza kupiga polepole, kwa woga, kama anayeamsha mgonjwa. Gachoki akajibu vilevile. Ndengu zikatoka nzima nzima kwenye maganda, na mdundo haukuja. Jumatatu ilikuwa inakaribia, lakini mkono wa Kithaka ulikataa kuongeza nguvu. Machozi yalimlengalenga, akaendelea hivyohivyo.

Ednah aliwavumilia kwa muda, kisha akaweka ungo magotini.

"Pigeni kama zamani," alisema. "Za kupika zimeniishia."